Nilidhani "Betri Imekufa" ni Uongo wa Mume Wangu

Kuna sentensi tatu ambazo mwanamke wa mjini akiambiwa saa nne za usiku haziamini hata ukimwapia: "simu ilizima chaji", "foleni ilikuwa mbaya", na "betri ya gari imekufa". Novemba 2022 mimi niliambiwa zote tatu, ila hiyo ya mwisho niliambiwa mara nne. Mara nne kwa mwezi mmoja! Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ngoja nianzie mwanzo. Mwaka ule tulinunua gari la fowili, mtumba kutoka Japani, injini ya petroli, refu kiasi kwamba nikivaa sketi ya kubana napanda kwa maombi. Sababu ilikuwa ya maana. Ukweni kwangu ni Iringa, na mvua zikikolea barabara ya kijijini kwao inataka gari lenye miguu. Mitaani gari kubwa kama lile tunaliita shangingi, na nyote mnajua jina hilo anaitwa nani mwingine. Shosti zangu walinitania wiki nzima: "Haya, mume kakuletea shangingi mpaka sebuleni!" Tukacheka. Sikujua kwamba utani huo ungenirudia ukiwa na meno.

Masika ya mwaka huohuo barabara ya mtaani kwetu Mbezi ilijaa maji. Wenye magari madogo waliyaacha pembeni wakavua viatu, sisi tukapita katikati, maji yakifika nusu ya tairi, tukiwapungia mkono. Naomba uyakumbuke hayo maji. Tutayarudia.

Gari lilianza kukataa mwanzoni mwa Novemba. Asubuhi moja mume wangu alipiga stata, ikalia tk-tk-tk, kimya. Fundi wa mtaani akaja, akaangalia kwa macho tu, akasema, "Betri imechoka hii, bosi." Tukanunua mpya, laki mbili na sitini elfu. Siku tisa baadaye ikafa tena. Muuza betri akasema huenda tulichukua ndogo, gari kama lile linataka kubwa. Tukaongeza hela, tukachukua kubwa. Nayo haikumaliza wiki mbili.

Katikati ya hayo ndipo usiku wa kuchelewa ulipoanza. Saa nne. Saa nne na nusu. Siku moja saa sita kasoro. Kila nikiuliza, jibu ni moja: "Betri imekufa, nilikuwa natafuta mtu wa kunibusti." Nikamuuliza, nani huyo anayekubusti kila siku? Akanyamaza.

Jamani, mimi kazi yangu ni kusoma barua zenu. Kila mwezi zinapita mezani kwangu barua za wanawake waliodanganywa kwa sababu ndogondogo mpaka siku walipojua ukweli. Nilikuwa na orodha ya dalili kichwani kama daktari. Anachelewa: ipo. Hela inatoka bila maelezo: ipo. Ukimuuliza jina ananyamaza: ipo. Nikaanza kudai risiti za betri. Yeye naye akaona namdhalilisha, akanigeuzia kibao: "Betri inakwisha kwa sababu yako. Wewe na mtoto mnakaa kwenye gari mnasikiliza redio, mnaacha taa ya ndani, chaja yako ya simu imechomekwa humo saa ishirini na nne." Akaichomoa chaja, akaitupa kwenye kochi.

Nami nikatoa neno ambalo sikuwahi kulisema kwa miaka mitano ya ndoa. Nikamwambia, "Usinizungushe na betri. Sema tu jina lake."

Alinitazama kwa muda mrefu, akachukua mto, akaenda kulala sebuleni. Siku tatu tulisemezana kupitia kwa mtoto. "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba."

Hali hiyohiyo ndiyo tuliyosafiri nayo Krismasi. Mama mkwe alishamchinjia kuku mjukuu wake kwa simu, nani angethubutu kuahirisha? Siku moja kabla ya safari mume wangu alilipeleka gari kwa fundi mwingine. Huyu aliwasha gari, akachomoa waya wa betri huku injini inaunguruma. Injini haikuzima. Akasema kwa ushindi, "Umeona? Alteneta nzima. Ni betri tu za siku hizi." Tuliondoka Dar mchana tumechelewa, Morogoro tukaikuta magharibi, na usiku ukatukutia Mikumi.

Anayeijua njia ile anajua kwamba barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita hamsini. Mchana ni raha, mtoto anahesabu swala na twiga. Usiku ni giza la kweli, na si mahali pa kushuka garini. Mtoto wetu, ambaye tangu Morogoro alikuwa anakula maandazi, akachagua palepale kutapika. Mume wangu akasogea pembeni na, kwa mazoea, akazima gari.

Tulipomaliza kumfuta mtoto akapiga stata. Tk-tk-tk-tk. Taa za dashibodi zikafifia kama mshumaa unaoishiwa nta, zikazima.

Sitasahau kile kimya. Kitu kilivunja tawi upande wa kushoto, sijui nini mpaka leo, na sikutaka kujua. Mtoto akaanza kulia kwa sauti ndogo. Nikawasha tochi ya simu, mwanga ukaupata uso wa mume wangu. Nimemwona akiwa na hasira, nimemwona akiwa na aibu, lakini sura ile ilikuwa ngeni kwangu. Alikuwa anatetemeka mdomo. Ndipo nilipoelewa kwamba betri ilikuwa inakufa kweli, na kwamba zile usiku nne alikuwa amekaa hivihivi mahali fulani kwenye giza, peke yake, akijua nyumbani anasubiriwa na mke mwenye orodha. Nilielewa, lakini sikusema kitu. Kiburi, mwenzangu. Kiburi kinakaa hata katikati ya hifadhi.

Baada ya kama nusu saa lori lilisimama. Dereva, mtu mzima, alimwambia tingo wake amulike tochi porini, akatoa waya za kubusti. Mume wangu alianza kumwelekeza, akakatizwa kwa upole: "Tulia, baba. Lori lina betri mbili, zikiwa pamoja ni volti 24. Nikikuunganisha kichwakichwa nakuunguzia gari lako la volti 12." Akachukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Waya mwekundu akaubana kwenye chanya ya betri yetu. Mweusi akaubana kwenye chuma cha injini. Stata mguso mmoja tu, gari likawaka kama lilitoka kiwandani jana.

"Msizime mpaka mfike," akasema. Alikataa hela. Tulipanda Kitonga bila redio, bila kiyoyozi, taa za mbele zikiwa za njano kama koroboi, tukaingia Iringa saa nane za usiku.

Asubuhi, mdogo wake mume wangu akatupeleka kwa fundi umeme wa magari, mzee mmoja mwenye gereji ya mabati mafupi. Mume wangu akamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene," mimi nikampa shikamoo. Nilitegemea achukue spana. Hakuchukua. Akavuta kigoda, akaanza kuuliza maswali kama mganga wa zamani.

"Ikikataa kuwaka, mkibustiwa inasumbua au inawaka mara moja?"

"Mara moja," mume wangu akajibu.

"Na anayebusti, waya mweusi anaubana wapi?"

Mume wangu akafikiri. "Wote wameubana kwenye injini."

"Aha," mzee akasema, akainuka kutafuta mita ya kupimia umeme. Kijana wake alikuwa ameenda kwao kula sikukuu, kwa hiyo akatugawia kazi. Mume wangu akae kwenye usukani. Mimi nisome mita. "Mama, utasoma kwa sauti, yeye asikie na mimi nisikie." Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa mimi na mume wangu kufanya kazi moja.

Kipimo cha kwanza, gari limezimwa. Mita kwenye vichwa viwili vya betri. "Kumi na mbili nukta moja," nikasoma. Mzee akatueleza kwamba betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. "Hii yenu haijafa. Ina njaa. Mnamnyima mtoto chakula, halafu mnasema mgonjwa, mnaleta mtoto mwingine, naye mnamnyima."

Kipimo cha pili. Likabustiwa, likawaka, taa za mbele na feni vikawashwa. Mita palepale kwenye betri. Hapo tulitakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5. Nikasoma: "Kumi na mbili nukta tano."

Mume wangu akachungulia dirishani. "Kwa hiyo alteneta mbovu?"

"Hapa ndipo watu wanapouziwa alteneta," mzee akasema. Akahamisha mita. Ncha nyekundu akaiweka kwenye bolti nene ya alteneta unakotokea umeme, nyeusi kwenye mwili wa alteneta yenyewe. "Soma, mama."

"Kumi na nne nukta tatu!"

"Mnaona? Chakula kinapikwa. Hakifiki mezani."

Ikabaki kutafuta kinamwagika wapi. Mzee akaacha injini inaunguruma na taa zinawaka, akapima njia ya kwanza: kutoka bolti ya alteneta hadi chanya ya betri. Mita ikasoma 0.1. Njia safi. Akapima njia ya pili: kutoka hasi ya betri hadi mwili wa alteneta. Hapo, alisema, ikizidi kama 0.2 kuna tatizo. Nikasoma mara mbili nikidhani nimekosea. Moja nukta saba. Chukua karatasi ujumlishe: 12.5 iliyofika kwenye betri, 0.1 ya njia ya kwanza, 1.7 ya njia ya pili. Inakuja 14.3, hakuna hata chembe iliyopotea bila kujulikana ilipo.

Mzee akazima gari, akalala chini, akaufungua waya wa ethi, ule mnene unaotoka kwenye hasi ya betri na kufungwa kwenye injini. Kwa juu ulionekana mzima kabisa. Alipokunja mwisho wake, mpira ukapasuka, ukatoka unga wa kijani, na nyuzi za shaba zikakatika mkononi mwake kama nywele zilizoungua. "Hii iliingia maji lini?" akauliza. Mimi na mume wangu tukatazamana. Tuliona lile barabara la Mbezi, na mikono yetu ikipunga.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yote. Waya ukioza hivyo, umeme wa kuchaji hauingii vizuri kwenye betri, na umeme mkubwa wa stata hautoki vizuri. Ndiyo maana kila betri mpya ilikufa kwa njaa. Ndiyo maana kila aliyebana waya mweusi kwenye injini aliwasha gari papo hapo: bila kujua, alikuwa ameuruka ule waya uliooza. Na taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haikuwaka kwa sababu alteneta ilikuwa inazalisha. Taa ile haikuhakikishii kwamba umeme unafika.

Waya mpya ulikuwa elfu kumi na tano. Mzee akasugua mahali pa kufungia kwa msasa hadi chuma king'ae, akafunga, akapaka grisi kwa juu. Nikasoma tena kwenye betri: 14.2. Mume wangu akapiga honi kwa furaha, kuku wa jirani wakatawanyika.

Nilidhani tumemaliza, lakini mume wangu akashuka na swali lake. Nadhani lilikuwa limemkaa kooni. "Mzee, na hizi chaja za simu, haziwezi kunyonya betri usiku?" Mzee hakujibu kwa mdomo. Akazima kila kitu, akafunga milango, akasubiri gari lilale kabisa, akaunganisha mita kati ya hasi ya betri na waya wake ili ipime umeme unaovuja. Chaja yangu ikiwa imechomekwa. Akasema kwa magari mengi kinachozidi miliampia 50 kinafaa kutafutwa. Ikasoma 30. "Chaja ya mama haina kosa," akatoa hukumu. Jamani, kesi nyingine zote nimeshinda kwa kelele. Hii nilishinda kwa mita.

Kabla hatujaondoka alitupa mengine ambayo nakuachia na wewe. Kagua mkanda wa alteneta: ukilegea unateleza, mara nyingi utausikia unapiga yowe asubuhi au ukiwasha taa na kiyoyozi pamoja. Ukiwa na fowili na unapenda kupita kwenye maji na tope, baada ya safari angalia waya na vichwa vya betri, maana kutu haipigi hodi. Ukipima kwenye alteneta yenyewe nako ukakuta chini ya 13 injini ikiunguruma, na mkanda ni mzima, hapo sasa ndiyo uishuku alteneta: huenda kaboni zimekwisha au regyuleta imekufa, na mara nyingi hivyo hubadilishwa bila kununua alteneta nzima. Ukikuta betri inapata zaidi ya 15, hiyo inachajiwa kupita kiasi, maji yake yatachemka. Na lile la kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, usimruhusu fundi yeyote. Umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kompyuta ya gari, na hata injini isipozima hujajua kama umeme unaifikia betri. Kwetu haikuzima, na tukalala Mikumi kidogo.

Njiani kurudi nyumbani kwa mama mkwe nilimwambia mume wangu asimame. Safari hii hakuzima gari. Nikamwambia, "Nisamehe. Nilikuhukumu bila kupima."

Akakaa kimya, mikono kwenye usukani. Halafu akasema, "Uliponiambia niseme jina lake, unajua kilichoniuma? Nililitafuta kweli. Yule aliyenibusti mara mbili ni mlinzi wa duka karibu na ofisini. Anatoka lindoni kwake, anasimamisha magari ya watu usiku, anaomba waya kwa niaba yangu. Sikuwahi kumuuliza jina. Nilinyamaza kwa sababu sikulijua." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na wewe nisamehe kwa chaja."

Tuliporudi Dar, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kumuuliza jina, na kumpelekea zawadi ya mchele wa Krismasi. Mimi nilikwenda Kariakoo kununua mita ya kupimia umeme, elfu ishirini na tano. Jumlisha na betri mbili ambazo hatukuzihitaji uone ni kipi kilikuwa cha bei nafuu. Inakaa kwenye droo ya gari, pamoja na chaja yangu. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi, yeye anakanyaga mafuta na mimi nasoma kwa sauti.

Sisemi kwamba kila anayechelewa ana waya ulioza. Barua zenu nimezisoma, najua wengine wanazo sababu zenye majina. Ninachosema ni hiki: nilikuwa na ushahidi wote, hela, saa, ukimya, na wote ulikuwa wa kweli, na bado nilikosea. Yeye naye alikuwa na chaja, taa na redio, akakosea. Kila mmoja wetu alibadilisha betri akitegemea kitu kingine kitapona. Ikitokea kwako, kabla hujanunua tena, na kabla hujauliza jina la mtu, tafuta mita. Na mwenzio akae kwenye usukani, wewe usome kwa sauti.

Mpaka mwezi ujao.